Alama ya Ukucha

Mchanga alichagua siku ya kumimina chuma ili asikutane na Koleo, na ndiyo maana walikutana.

Siku hiyo kila mtu wa kiwanda kile alikuwa na mahali pake pa kusimama. Mahali pa Koleo palikuwa kando ya baba yake, mbele ya tanuri, tangu makaa yanapowashwa hadi kalibu ya mwisho ya mchanga inapojaa chuma. Mchanga alilijua hilo vizuri, maana alifanya kazi pale miaka tisa. Alikuwa amepanga apite kwa Shangazi kwenye kibanda cha mauzo, achukue mfuko wake wa vifaa, aseme asante, kisha ashike njia. Hakujua kwamba mkanda wa feni ya tanuri ulikuwa umekatika mchana ule, na kwamba Koleo alikuwa amekuja mbio kibandani kutafuta mwingine.

Basi wakakutana uso kwa uso katikati ya masufuria, mawe ya mizani na bawaba za milango.

Miezi minane Koleo hakuwa amemtia machoni. Mchanga alikuwa amekonda, na nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeanza mvi ambazo hakuondoka nazo. Alivaa lile shati lake la kazi la siku zote. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetobolewa na cheche zamani, na sasa kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe, mshono mbaya, wa mtu asiyejua kushika sindano. Koleo akauona mshono ule akajua hakuna mwanamke aliyeushona. Akafurahi. Kisha akajionea haya kwa kufurahi.

"Shikamoo, Shangazi," Mchanga alisema, macho yake yakiwa kwenye bawaba.

"Marahaba. Umekonda. Huko unakokaa hawapiki?"

"Wanapika. Mimi ndiye sili."

"Basi tusilaumu sufuria." Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake Koleo, mwanamke mnene, mpole wa moyo na mkali wa mdomo, ambaye hakuwa ameinuka kwenye kile kigoda chake tangu asubuhi. "Na nyinyi wawili sogeeni basi, mnanizibia wateja. Mmesimama kama watu walioazimana sufuria na kila mmoja anangoja mwenzake aitaje."

"Nimefuata mfuko wangu tu, Shangazi. Nina basi la saa kumi."

"Mfuko?" Shangazi akakunja uso kama mtu anayekumbuka mambo ya zamani sana. "Mfuko hauko huku. Uko kule kwenye banda la kalibu, nyuma. Miguu yangu leo imegoma. Koleo, mpeleke."

Koleo alishusha macho. Chini ya kigoda, pembeni ya gauni la Shangazi, kipande cha mkanda wa ngozi kilikuwa kimechungulia. Mkanda wa mfuko wa Mchanga. Shangazi akaona alipotazama, akavuta gauni taratibu likafunika.

"Nendeni," akasema, na sauti yake ikapoa. "Mkanda wa feni nitautafuta mimi, hapa hapa nilipokaa. Mna robo saa."

Jina la Koleo si wazazi waliompa. Wafanyakazi walimwita hivyo tangu ana miaka kumi na minne, kwa sababu akikupa mkono ulikuwa unaondoka unahesabu vidole, na kwa sababu akishika jambo haliachii. Sasa alikuwa na thelathini na moja. Mchanga naye alipata jina lake siku ya kwanza ya kazi, alipouonja mchanga wa kalibu kwa ncha ya ulimi ili ajue kama umelowa sawasawa. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini vyombo vyake vilitoka laini kuliko vya wote, na cheko likaisha, likabaki jina.

Walipita uani, Koleo mbele, Mchanga nyuma. Kiwanda kile kilikuwa na miaka sitini. Babu yake Koleo alifika katika mji ule wa soko na mivukuto miwili ya ngozi ya kupulizia moto mabegani, akakaa pembeni mwa soko akinoa majembe. Baadaye akachimba tanuri, akaanza kuwamiminia wauzaji mawe ya mizani. Watu wakaanza kugombana sokoni, huyu akimwambia yule jiwe lako jepesi. Babu akaweka sheria: kila anayepanga kalibu aweke alama yake kwenye mchanga kabla chuma hakijaingia, ili kila kitu kibebe jina la aliyekifanya mpaka kitakapovunjika. Na kitu kikimpunja mtu, au kikivunjika kikamdhuru, mwenye alama atoke langoni na asirudi. Jiwe la kwanza kukamatwa lilikuwa na alama ya mdogo wake Babu, tumbo moja. Babu akamfungulia lango. Yule ndugu aliondoka na hakurudi hata kumzika.

Alama ya Mchanga ilikuwa ya ukucha wa dole gumba. Mwezi mwembamba tu, aliouchora kwa kukandamiza mara moja.

Ndani ya banda kulikuwa na ubaridi na harufu ya mchanga uliolowa. Kalibu kumi na nne zilikuwa zimepangwa sakafuni, midomo wazi, zikingoja chuma. Mchanga alisimama mlangoni kwanza. Akachuchumaa, akashika kidogo mchanga uliomwagika pembeni, akaufinya, akaufungua mkono. Ukabaki bonge, na mistari ya kiganja chake ikaonekana juu yake.

"Umelowa vizuri," akasema. "Nani anaulowesha sasa?"

"Mimi."

"Unajua kazi."

"Ulinifundisha wewe."

Mchanga akatazama rafu, akatazama pembe za banda. "Mfuko wangu hauko huku, sivyo?"

"Haupo. Shangazi ameukalia."

Mchanga akataka kucheka, Koleo aliona ile mikunjo ya pembe za macho ikianza, halafu ikafutika.

"Unakwenda wapi?" Koleo akauliza.

"Mbali. Siku moja na nusu kwa basi. Kuna mtu anatengeneza pampu za visima, anataka msaidizi."

"Pampu! Wewe?"

"Pampu haina mchanga." Akapangusa kiganja kwenye suruali. "Koleo, nikishika mwiko wa kalibu siku hizi mkono unatetemeka. Mimi! Nilijaribu kwa fundi mmoja kule ng'ambo ya soko. Nikapanga kalibu ya kifuniko cha sufuria, kifuniko tu, nikashindwa kuweka alama. Nikaibomoa. Nikapanga tena, nikaibomoa. Mwenye kazi akaniambia nenda nyumbani, bwana, unaumwa."

Koleo aliegemea ukuta.

"Na hukutaka kuniaga," akasema, ingawa hilo silo alilotaka kusema.

"Nilikuaga. Miezi minane iliyopita, pale langoni, mbele ya wote. Nilisema, Koleo, kwaheri. Ukatazama chini."

"Ningesema nini?"

"Sijui. Ungesema lolote. Tulikuwa tumekubaliana nimlete mjomba wangu mwisho wa mwezi ule aje kuzungumza na baba yako. Nilikuwa nimeshamnunulia kofia, ili asije na ile yake iliyopauka." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hiyo ndiyo iliyomkata Koleo maini. "Lakini sikuja kwa ugomvi. Kwa kuwa tumeonana, nikuulize jambo moja, wewe unajua kazi. Ule mchanga niliuponda mwenyewe. Niliulowesha mwenyewe. Njia za hewa nilitoboa sita. Nimeirudia ile kalibu kichwani kila siku, nikioga, nikila, nikitembea. Nilikosea wapi?"

Kilichopasuka kilikuwa kitovu cha gurudumu la mkokoteni. Kilipasukia sokoni, kwenye mteremko, mkokoteni ukiwa na magunia kumi na mawili ya chumvi. Msukumaji wake alikuwa kijana wa watu aliyeitwa Chapuchapu, kwa vile hakuna aliyewahi kumwona akitembea, alikuwa akikimbia tu, na mkokoteni na bila mkokoteni. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Watu walileta kiwandani vipande viwili vya kile kitovu, na upande mmoja, wazi kabisa, kulikuwa na mwezi mwembamba wa ukucha.

Tangu siku ile Mchanga alikuwa akienda kila asubuhi kumwogesha Chapuchapu, kumgeuza, na kumbeba mgongoni kwenda kufungwa kidonda. Shangazi ndiye aliyezileta habari hizo nyumbani. Alizisema mezani mara moja tu, akazimwaga kama mtu anayemwaga maji ya moto, na Koleo hakumaliza chakula chake.

"Kwa nini hunijibu?" Mchanga akauliza. "Niambie tu. Nikijua, labda mkono utatulia."

Koleo akafungua mdomo.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya baba yake, aliyemwita hivyo tangu mtoto, kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba. Alikuwa akija kutoka kwenye tanuri, mkono wake wa kushoto ukipapasa ukuta kama kawaida yake. Wafanyakazi, waliomwita Mzee, waliamini anapenda kuzigusa kuta zile kwa kuwa zilijengwa na baba yake. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, kifua kimejaa makovu ya cheche kama ndui.

"Mama, mkanda umepatikana? Makaa yanakufa."

"Unakuja, Baba."

"Uko na nani humo?"

Mchanga alikuwa amesimama katikati ya mlango, jua likimwangaza mwili mzima, hatua mbili mbele ya Mzee. Angenyoosha mkono angemgusa. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akangoja kufukuzwa.

"Nasikia unaongea na mtu," Mzee akasema, uso wake ukielekea juu ya bega la Mchanga, mahali pasipo na mtu. "Kama ni mteja, mwambie akamwone Shangazi. Siku ya kumimina hatupokei watu huku."

Koleo akaona Mchanga anamtazama Mzee, kisha anayatazama macho ya Mzee, yale macho yenye utando mweupe kama moshi ambayo watu wote waliyaona na kusema ni joto la tanuri tu. Akaona jambo lile linaingia kichwani mwa Mchanga polepole. Akamwona anainua mkono, anaupitisha hewani mbele ya uso wa Mzee. Mzee hakupepesa.

"Mzee," Mchanga akasema taratibu sana, "ni mimi."

Mzee akashtuka, akarudi nyuma nusu hatua. Kisha akajinyoosha, akakaza taya.

"Wewe unatafuta nini kwangu? Nilikufungulia lango ukatoka. Huyu binti nilishakueleza. Mtu ambaye alama yake imekata mguu wa mtoto wa watu haoi nyumba hii. Nimkabidhi mwanangu mikono ile? Kesho akinizalia wajukuu, uwabebe kwa mikono ile?"

"Mzee, tangu lini huoni?"

"Nani haoni? Toka!"

"Baba," Koleo akasema.

"Nyamaza, mama."

"Baba, nimenyamaza miezi minane. Imetosha."

Alisema hivyo akiwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Alijua akimaliza kusema, hakuna kitu kitakachosimama mahali pake. Wafanyakazi wanne, wenye wake na watoto, wangejua kwamba kwa miaka mitatu walikuwa wakibeba chuma cha moto chini ya amri ya mtu kipofu. Soko lingejua. Na Mchanga, ambaye hata sasa alikuwa akimtazama kwa yale macho yake ya upole, asingemtazama hivyo tena. Lakini aliwaza mkono ule ukibomoa kalibu ya kifuniko cha sufuria. Akapiga moyo konde.

"Mchanga, hukukosea. Kalibu yako ilikuwa nzima. Chuma kilikuwa baridi."

"Kilikuwa nini?"

"Kilimiminwa kabla ya wakati. Kiliingia kwa njia mbili, kikakutana katikati, kisiungane. Nilivitazama vile vipande siku ile ile. Pale kilipopasuka palikuwa laini, pamekunjika kama ngozi. Wewe hawakukuonyesha upande ule, walikuonyesha upande wa alama."

"Lakini Mzee ndiye anayesoma rangi ya..." Mchanga akanyamaza katikati ya maneno.

"Baba hasomi rangi. Ni mimi. Miaka mitatu sasa. Chuma kikifika njano ya kiini cha yai na kuanza kuwa cheupe, nagonga koleo mara moja kwenye ukingo wa tanuri, kama nakung'uta majivu. Baba anasikia, anapaza sauti, mimina. Hakuna aliyejua. Hata Shangazi hajui. Baba aliniomba, nami nikamwahidi."

Mkono wa Mzee ukutani ulikuwa ukitafuta kitu.

"Na siku ile?" Mchanga akauliza.

"Siku ile niligonga mapema."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo machozi yalipomjia, naye hakutaka yamjie, akayafuta kwa kiganja cheusi cha makaa na kujichora usoni. "Kwa sababu sikuwa natazama moto. Nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umeinama kwenye kalibu yako, unaweka alama, na ulikuwa unaimba kwa pua kama unavyofanya. Asubuhi ile ndiyo uliniambia habari za mjomba wako na kofia. Nikawaza, huyu atakuwa mume wangu. Nikawaza hivyo tu, kitambo kidogo. Nikasikia Baba anakohoa, nikadhani nimechelewa, nikagonga bila kuangalia."

Nje, mtu mmoja akaangusha sepetu.

Mzee akageuza kichwa. "Nani wapo hapo?"

"Wote, Baba," Koleo akasema. "Walikuja kuulizia mkanda."

Wafanyakazi wanne walikuwa wamesimama uani, na nyuma yao Shangazi, aliyekuwa ameinuka kwenye kigoda chake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mfuko wa Mchanga ukiwa mkononi. Hakuna aliyecheka wala kuguna. Mmoja, yule mzee kuliko wote, alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Umesikia, kaka yangu?" Mzee akamwuliza yule aliyevua kofia, kana kwamba alimwona.

"Nimesikia, Mzee."

"Zimeni moto."

"Mzee, tanuri limejaa. Chuma kitagandia ndani. Tutalivunja kukitoa."

"Nimesema zimeni moto. Siku ya kwanza baba yangu kuuwasha huo, alinibeba begani nione." Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikusanya. "Zimeni, mwende kwenu. Mkitafutwa, semeni mkosaji ni mimi."

Alitaka kwenda kukaa, akauacha ukuta, akapiga hatua mbili hewani na mguu wake ukakwama kwenye kalibu. Kabla Koleo hajafika, Mchanga alikuwa ameshamdaka kiwiko. Akamwongoza polepole kati ya zile kalibu, akimwambia chini chini, kushoto kuna jiwe, inua mguu, hapa, benchi iko nyuma yako. Akamkalisha. Mzee hakumwachia mkono.

"Nilikutoa kwa sheria ya baba yangu," akasema. "Nilijua wewe ni fundi. Moyoni nilijua. Nilijiambia labda ni mchanga, kwa sababu nikisema ni chuma, ningeulizwa nani alisoma rangi."

"Nimesikia, Mzee."

"Rudi basi. Ukae wewe hapo kwenye tanuri. Mchukue binti yangu, sina neno tena. Mimi nitakaa kibandani na dada yangu, tuuze bawaba."

Ndilo neno ambalo Koleo alikuwa amelingoja maisha yake yote, likitoka kwenye kinywa cha baba yake, mbele ya mashahidi. Akamtazama Mchanga. Mchanga alikuwa anautazama mkono wa Mzee uliomshika.

"Asante, Mzee," akasema. Akauachia ule mkono kwa upole, kidole kimoja kimoja, akauweka juu ya goti la Mzee mwenyewe. Akachukua mfuko wake kwa Shangazi. Shangazi alimfunga kifungo cha shati kilichofunguka, akampigapiga kifuani. Mchanga akatoka.

Koleo alimfikia nje ya lango. Nyuma yao moshi mweupe ulikuwa umeanza kupanda, wa makaa yaliyomwagiwa maji. Watu wa soko walisimama kuutazama, maana haukuwa moshi wa kawaida.

"Mchanga. Nitukane basi. Nipige hata."

"Sina cha kukutukania."

"Basi nini? Baba amekubali. Umesikia mwenyewe. Mkono wako ni mzima, hukukosea."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama moja kwa moja, na muda mrefu, na Koleo akaona kwamba mapenzi yalikuwa bado yapo, yote, hayakupungua. Hilo likamtia hofu kuliko kama yasingekuwapo.

"Koleo, mimi nilijua unanitazama."

"Lini?"

"Siku ile. Nilikuwa nimeinama, sikukuona, lakini nilijua. Shingo yangu ilipata joto. Nilifurahi hata nikaogopa kuinua uso, nisije nikacheka mbele ya baba yako. Chuma kikaja, kikamiminwa mbele ya pua yangu. Nina miaka tisa na chuma. Ningeinua macho ningeona ni chekundu mno, ningesema ngojeni. Sikuinua." Akavuta pumzi. "Leo ndiyo nimeelewa. Nilitafuta kosa kwenye mchanga miezi minane, na kosa lilikuwa ile furaha."

"Furaha si kosa."

"Muulize Chapuchapu."

Koleo aligeuka akautazama moshi.

"Ningekuoa," Mchanga akasema. "Ningekuoa hata leo. Halafu ungenitazama hivyo tena siku moja, mezani, au ukipepeta kitu uani, na mimi ningefurahi, na hapo hapo ningekiona kile kisiki cha mguu ninachokiosha kila asubuhi. Kila mara. Na wewe pia. Ungefika wakati tusitazamane. Tukae nyumba moja tunatazama kuta. Sitaki tufike huko."

"Unaniacha kwa sababu unanipenda? Maneno gani hayo?"

"Mabaya. Sina mengine."

Walitembea pamoja mpaka pale njia zinapogawana, kulia kituo cha mabasi, kushoto nyumba za wasukuma mikokoteni. Walitembea taratibu, na aliyewaona kwa nyuma angedhani ni mtu na mkewe wanatoka kununua vitu.

"Umemuaga Chapuchapu?" Koleo akauliza.

"Asubuhi. Nilimwogesha, nikamwambia nasafiri. Akanitania, akasema sasa nitanuka." Akabadilisha bega la mfuko. "Anadhani ni mimi niliyemvunjia mguu. Hakuwahi kunitupia neno. Siku ya kwanza mkewe alinifukuza na ufagio. Siku ya pili akanipa beseni."

"Nitamwambia."

"Najua."

"Unataka nimwambie nini kuhusu wewe?"

Mchanga akafikiri. "Mwambie maji apashe kidogo tu. Yakiwa ya moto kovu linamwasha, na yeye hasemi."

Hawakushikana mikono. Alivuka barabara, akapita kati ya magari, shati lile likaonekana mara mbili tatu, kisha watu wengine wenye mashati wakapita, na Koleo hakujua tena lipi ni lipi.

Akageukia kushoto.

Nyumba ya Chapuchapu ilikuwa ya mwisho, mlango wa bati, kamba ya nguo mbele. Mkewe alikuwa anaanua nguo, mtoto mgongoni. Alimtambua Koleo, mji mzima ulimjua binti wa kiwanda. Akakunja uso.

"Karibu," akasema kwa adabu. "Mwenzenu ameshaondoka. Alikuja asubuhi."

"Hatakuja tena. Nimekuja mimi." Koleo alikuwa na masizi usoni, machozi yamechora njia mbili katikati yake, na hakukumbuka kuyafuta. "Kabla hujanikaribisha, nisikilize."

Akamwambia. Hakujitetea, hakumtaja baba yake isipokuwa mara moja. Alipofika pale pa kutazama pembeni, alisema jambo lenyewe kama lilivyokuwa, kwamba alikuwa anamtazama mwanamume aliyempenda. Mwanamke yule alisikiliza shuka likiwa mkononi, nusu limekunjwa. Mtoto alishika hereni ya mama yake akaivuta, na mama hakuhisi.

"Nani huyo?" sauti ikaita kutoka ndani. Sauti ya kijana, yenye uchangamfu bado. "Kama ni Mchanga, amekosa basi, mwambie nilijua tu!"

Mwanamke akamaliza kulikunja lile shuka, akaliweka juu ya mengine.

"Ingia umwambie mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kukubebea hilo."

Akasogea mlangoni kumpisha. Koleo akavua viatu, akaingia.